Ulimi na Tundu

Tulipofika Turi ukungu ulikuwa bado umeikalia pareto,
na nyumba imesimama upande,
kama mtu anayetega sikio ukutani.
Mama Nyakio alikwisha sema kwa simu:
"Bomoeni. Mbao nipangieni kando, udongo mwageni."
Bei tulikubaliana. Nikashika mtaimbo.

Huku wote huiita Nyumba ya Mzungu.
Nyeupe, na miti myeusi imeipita juu,
wima, mlazo, mshazari,
kama daftari la mtoto aliyefunzwa mistari kabla ya herufi.
Utotoni nikipita na debe la maziwa
niliambiwa ni ya mawe, nisiiguse.

Pigo la kwanza, chokaa ikabanduka
kama ganda la kiazi kilichoiva.
Ndani, udongo.
Udongo mwekundu wenye nyasi na nywele za ng'ombe,
na ndani ya udongo, fito,
zimesukwa, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Lusweti akaangusha sururu, akacheka hadi akaketi.
"Ala! Hii si nyumba ya nyanya yangu kule Lugulu?
Ila hii imevaa suti."

Mimi sikucheka. Mimi ni seremala,
macho yangu yalikuwa kwenye viungo.
Msumari hakuna, hata mmoja.
Ulimi wa boriti umezama katika tundu la nguzo,
kigingi cha mwerezi kimepita kati yao,
na kitundu cha ulimi, ukikitazama vizuri,
hakilingani na cha nguzo:
kimetobolewa kando, upana wa punje ya mtama,
ili kigingi kikipigwa kiuvute ulimi ndani
na kisiuachie tena.

Hilo chuoni hawakunifundisha.
Nilifundishwa na baba, naye na babake,
Shiundu, aliyerudi kutoka kwa masetla
bila kidole cha shahada, na maneno machache:
"Toboa kando. Mti hupenda kuvutwa,
haupendi kusukumwa."
Sisi tulidhani anazungumzia ndoa.

Kila kiungo kimechorwa kwa patasi,
mkwaju mmoja, miwili, mitatu,
nguzo ya tatu na boriti ya tatu,
kila mmoja na mwenzake.
Nilitafuta jina.
Nilipanda hadi kwenye kenchi, simu mdomoni, taa imewaka,
nikasoma makombamoyo yote:
popo wawili, kiota cha nyigu,
kijiko kilichopindwa kuziba ufa.
Jina hakuna.
Ila kwenye kombamoyo la saba
fundi alikosea, akaandika sita,
kisha akaongeza mkwaju kwa hasira, ukachimba mno,
na kando ya kosa pana doa jeusi
lililoingia hadi ndani ya mti.
Labda damu. Labda lami. Popo nao huchafua.
Siapi kwamba ni yeye.
Mafundi walikuwa wengi Turi, na vidole vingi.

Mama Nyakio akapiga: "Mmefika wapi?"
Nikamwambia, hii haibomolewi, hii hufunguliwa.
Akauliza kama kufungua kuna bei yake.
Nikasema, kuna siku zake.
Akanyamaza, nikasikia ng'ombe wake.
"Siku nne," akasema. "Tano sitaki."

Tukarudisha mtaimbo kwenye mkokoteni,
tukatwaa nyundo ya mti na kipande cha chuma butu,
tukaanzia mwisho, namba ya juu kabisa,
tukishuka kama wanaohesabu deni kinyume.
Kigingi cha kwanza kiligoma.
Lusweti akakitemea mate, akakibembeleza kwa Kibukusu,
kikatoka kikinukia kama jana,
kimepinda katikati,
kama kidole kinachomwita mtu aje.
Nikakitia mfukoni. Lusweti aliona, hakusema.

Saa tisa mvua ya Molo ikatushukia bila salamu.
Turubali ilikuwa moja.
Tukaufunika udongo kwanza, sijui kwa nini,
tukakumbuka mbao baadaye.